Kamera Ilisimama Wapi?

Mwenye macho haambiwi tazama. Ndivyo walivyosema wazee wetu, nasi tumeupokea msemo huo bila kuugeuza upande wa pili. Lakini wazee waliyasema hayo kabla televisheni haijaingia sebuleni. Sasa mwenye macho huambiwa tazama kila jioni, tena huambiwa atazame wapi, kwa dakika ngapi, na lini ahamishe macho. Wakati wa vita ndiyo usiseme.

Vijana wenzangu, nataka tuzungumze juu ya habari za televisheni wakati wa vita, nami nitachukua miaka minne tu, 1991 hadi 1994. Nimeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, hapo ndipo dunia ilipoanza kutazama vita usiku na mchana, kama mtu anavyotazama mpira. Pili, katika miaka hiyo hiyo kamera zilihama kutoka Ghuba zikaja kwa majirani zetu, Somalia na Rwanda, na baadhi ya waliozibeba walikuwa ndugu zetu wa Nairobi. Hadithi hii basi si ya Wazungu peke yao.

Kijiweni kwetu kuna ubishi usiokwisha. Mmoja atasema, "Picha haidanganyi, bwana, si umeona mwenyewe?" Mwingine atadakia, "Achana nazo, televisheni zote ni propaganda tupu." Mimi nimeitazama mikanda ya miaka ile tena na tena, na sikubaliani na yeyote kati yao. Picha nyingi za vita ni za kweli. Kilichopita mbele ya lenzi kilipita kweli. Uongo, pale unapokuwepo, mara nyingi hukaa mahali ambapo hatupatazami: nani aliipeleka kamera pale, nani aliizuia isiende kwingine, na nyuma ya mgongo wa mpiga picha kulikuwa na nini. Mwamba ngoma huvutia kwake. Haya, tuone ngozi ilivutwa upande gani.

Tuanze na Ghuba. Tarehe 2 Agosti 1990 majeshi ya Saddam Hussein wa Iraki yaliivamia Kuwait. Marekani, chini ya Rais George Bush mkubwa, ikakusanya nchi washirika na kupeleka askari Saudia. Sasa, majenerali wa Marekani walikuwa na donda la zamani. Wengi wao walikuwa maofisa vijana kule Vietnam, nao waliamini kwamba televisheni ndiyo iliyowaponza: waandishi walizunguka watakavyo, wakapanda helikopta za jeshi, wakapeleka maiti na vilio mpaka kwenye meza za chakula za Wamarekani. Imani hiyo ina ubishi wake, maana Vietnam Marekani ilishindwa kwa sababu nyingi. Lakini mwanajeshi akishaamini jambo, hulipangia mkakati. Safari hii walijipanga.

Waandishi zaidi ya 1,000 walijazana Saudia. Waliofika karibu na mstari wa mbele walikuwa wachache, katika vikundi vidogo vilivyosindikizwa na maofisa wa jeshi. Walichokipata hao wachache kiligawiwa kwa wote, tena baada ya ofisa kukipitia. Aliyechoka kusindikizwa alijitafutia balaa. Bob Simon wa CBS na wenzake watatu waliondoka peke yao Januari 1991 kuelekea mpaka wa Kuwait, wakakamatwa na Wairaki na kushikiliwa siku 40. Waliobaki walikaa hotelini Riyadh na Dhahran, wakiwasikiliza majenerali wakieleza vita vinavyokwenda.

Na majenerali walikuwa na kitu kitamu cha kuonyesha. Mashine ya kamera ilifungwa kwenye ndege, na ikarekodi bomu likishuka mpaka kwenye shabaha. Tarehe 30 Januari 1991 Jenerali Norman Schwarzkopf alionyesha mkanda wa daraja moja: gari linavuka, linapita mahali pa shabaha, na muda mfupi baadaye daraja linapigwa. Jenerali akatania kwamba dereva yule ndiye mwenye bahati kuliko wote Iraki siku ile, na waandishi wakacheka. Mkanda ulikuwa wa kweli. Bomu lilipiga kweli. Watazamaji wakajenga picha kichwani ya vita safi, vya mabomu yenye akili yanayopita dirishani kama mwizi na kumwacha jirani amelala.

Hesabu iliyokuja baada ya vita ilikuwa nyingine. Mabomu ya kuongozwa yalikuwa chini ya 10 kwa kila 100 yaliyodondoshwa. Yaliyobaki yalikuwa mabomu ya kawaida, yale yale ya zama za baba zetu, yanayoangukia pale yanapoangukia. Lakini hayo hayakuwa na kamera ya kuonyeshwa jioni. Tena kamera iliyofungwa kwenye ndege huona paa la jengo, haimwoni aliye chini ya paa.

Tarehe 13 Februari 1991 walio chini ya paa walionekana. Katika mtaa wa Amiriyah, Baghdad, mabomu mawili ya Marekani yalipenya handaki walimokuwa wamejificha raia, wengi wao wanawake na watoto. Walikufa zaidi ya 400. Marekani ilisema ni kituo cha kuendeshea vita. Waandishi wachache waliokuwa Baghdad, miongoni mwao Jeremy Bowen wa BBC na Peter Arnett wa CNN, walipelekwa pale, wakaeleza walichokiona: miili ya raia iliyoungua. Mikanda mibaya zaidi haikuonyeshwa Ulaya wala Marekani, wahariri waliikata. Hapo pia tuwe waadilifu. Waandishi wale walikuwa chini ya uangalizi wa serikali ya Saddam. Wizara ya Habari ya Iraki iliwapa wasindikizaji, ikaamua waende wapi, na taarifa zao zilipitiwa kabla ya kutoka. Saddam aliipeleka kamera Amiriyah mbio mbio, lakini hakuipeleka kwenye vyumba alimotesea Wakuwait. Pande zote mbili ziliamba ngoma.

Halafu kuna usiku ule maarufu, wa kuamkia tarehe 17 Januari 1991, mabomu ya kwanza yalipoanguka Baghdad. Bernard Shaw, John Holliman na Peter Arnett wa CNN walikuwa ghorofa ya 9 ya Hoteli Al-Rashid. Simu za wenzao zilikatika, lakini wao walikuwa na laini maalumu iliyopitia Jordan. Wakatangaza usiku kucha. Kituo kilichozaliwa Atlanta mwaka 1980, ambacho wakubwa walikuwa wakikicheka, kikawa jina la dunia nzima. Nairobi, KTN iliyoanza 1990 ilikuwa ikirusha matangazo ya CNN. Sisi wa Tanzania Bara bado hatukuwa na kituo cha televisheni. Vita hivyo tulivipata kwa redio.

Sasa sikiliza jambo la ajabu. Wengi husimulia kwamba usiku ule waliona vita kupitia CNN. Kumbe saa zile za mwanzo CNN haikuwa na picha ya moja kwa moja kutoka chumba kile. Kulikuwa na sauti za watu watatu, na kwenye kioo ramani na picha za mgando. Ilikuwa redio iliyovaa kanzu ya televisheni. Picha za anga lililojaa risasi zilifuata baadaye, zikajishona na zile sauti ndani ya kumbukumbu. Mtazamaji akawa shahidi wa jambo alilolisikia tu.

Naomba niguse mambo mawili zaidi ya Ghuba kabla hatujavuka bahari, kwa sababu yanaonyesha jinsi televisheni inavyodanganya, na jinsi inavyoweza kusahihisha.

La kwanza ni la watoto njiti. Tarehe 10 Oktoba 1990, mbele ya kikao cha haki za binadamu cha wabunge mjini Washington, alisimama msichana wa miaka 15 aliyetajwa kwa jina moja tu, Nayirah. Huku akilia alisema kwamba aliwaona askari wa Iraki katika hospitali moja ya Kuwait wakiwatoa watoto wachanga kwenye mashine za kuwatunzia na kuwaacha sakafuni wafe. Kamera zilikuwepo. Vipande vikarushwa. Bush akairudia hadithi ile katika hotuba zake, na maseneta kadhaa wakaitaja kabla ya kura ya vita, iliyopita tarehe 12 Januari 1991 kwa 52 dhidi ya 47. Machi 1991, Kuwait ilipokombolewa, mwandishi wa televisheni ya ABC, John Martin, alikwenda kuwauliza madaktari, na hadithi ikaanza kuporomoka. Januari 1992 John MacArthur akafichua katika gazeti la New York Times kwamba Nayirah alikuwa binti wa balozi wa Kuwait nchini Marekani. Ushahidi wake uliandaliwa na kampuni ya uhusiano, Hill & Knowlton, iliyolipwa fedha nyingi za Kuwait ili kuuza vita kwa Wamarekani. Machozi yalionekana kweli. Kilichokosekana kwenye kioo ni jina la baba.

Angalia basi: ABC ilijuaje? Kamera ilihama. Iliondoka Washington, mahali palipoandaliwa na wenye mali, ikaenda hospitalini kwa wenye kujua.

La pili ni la kombora la Patriot. Iraki ilipovurumisha makombora ya Scud kuelekea Israeli na Saudia, Marekani iliyafyatulia Patriot ili kuyalipua angani. Televisheni ikaonyesha usiku mweusi, mstari wa moto unapanda, kisha mwanga mkubwa: puu! Kila mtu akapiga makofi. Tarehe 15 Februari 1991 Bush alikwenda kiwandani Raytheon, kule Andover, Massachusetts, akawaambia wafanyakazi kwamba kati ya Scud 42 zilizokabiliwa, 41 zilizuiwa. Siku 10 baadaye, tarehe 25, Scud moja iliangukia kambi ya Wamarekani Dhahran ikaua askari 28.

Baada ya vita, Theodore Postol, profesa wa chuo cha MIT, alichukua mikanda ile ile ya televisheni akaitazama kipande kwa kipande. Akaona kwamba ule mwanga mara nyingi ulikuwa Patriot ikijilipua yenyewe, huku Scud ikiendelea na safari yake mpaka chini. Jeshi lilibisha, kisha likashusha madai yake. Mwaka 1992 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ikaandika kwamba ushahidi wenye nguvu wa Scud kuharibiwa ulipatikana kwa takriban mapambano 9 tu katika kila 100. Mkanda uliowafanya watu wapige makofi ndio uliotoa ushahidi wa kinyume, alipopatikana mtu wa kuutazama polepole.

Sasa tuvuke bahari, tuje nyumbani. Kwa nini nasema nyumbani? Kwa sababu Nairobi ilikuwa kambi kuu ya kamera za vita katika sehemu hii ya Afrika. Mashirika makubwa yaliweka ofisi pale, na vijana wa pale wakajifunza kazi. Mkubwa wao alikuwa Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi 1943, aliyekulia kwa sehemu Dar es Salaam. Picha zake za njaa ya Ethiopia, zilizorushwa na BBC Oktoba 1984 kwa sauti ya Michael Buerk, ziliitikisa dunia. Juni 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa. Amin akapoteza mkono wa kushoto, na fundi wake wa sauti, John Mathai, akafa. Mohamed Amin mwenyewe alifariki tarehe 23 Novemba 1996, ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara ilipoangukia baharini karibu na Ngazija. Basi, tunaposema "kamera," tukumbuke ina mtu nyuma yake, na mara nyingi pembeni yake yupo mwingine ameshika kipaza sauti, ambaye jina lake halitajwi kabisa.

Mwaka 1992 kamera ziligeukia njaa ya Somalia. Bush akaamua kupeleka jeshi. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1992 askari wa Marekani walipanda ufukwe wa Mogadishu wakiwa wamejipaka rangi usoni, bunduki mkononi, wakinyata. Na nani aliwapokea? Waandishi, na taa za televisheni zilizowamulika wakapofuka. Wengine husimulia tukio lile kama kichekesho. Mimi naliona kama somo. Waandishi walijua mahali na saa kwa sababu Marekani yenyewe ilitaka wajue. Ilikuwa sinema ya kuingia kwa shujaa, ila waigizaji walikuta taa kali mno.

Miezi saba baadaye sinema ilikwisha. Tarehe 12 Julai 1993 helikopta za Marekani, katika jeshi la Umoja wa Mataifa lililokuwa likimsaka Jenerali Mohamed Farah Aidid, zilishambulia nyumba moja Mogadishu ambamo wazee wa ukoo wake walikuwa na mkutano. Msalaba Mwekundu ulihesabu waliokufa 54. Umoja wa Mataifa ulitaja idadi ndogo zaidi. Waandishi waliitwa waje waone, wakaenda. Umati uliokuwa na uchungu wa maiti zake ukawageukia. Waliuawa wanne: Hos Maina na Anthony Macharia, Wakenya wa Reuters, Dan Eldon wa Reuters, aliyekulia Nairobi, umri miaka 22, na Hansi Krauss wa AP, Mjerumani. Macharia alikuwa fundi wa sauti. Walikufa kwa sababu walikwenda kusimama mahali ambapo jeshi halikuwapeleka, ili tujue chini ya paa kulikuwa na nani.

Baada ya hapo mashirika mengi yaliwaondoa watu wao Mogadishu. Matokeo yake yalionekana tarehe 3 na 4 Oktoba 1993, katika mapigano makubwa kuliko yote. Walikufa Wamarekani 18, na Wasomali mamia. Kamera za kigeni karibu hazikuwepo. Picha ya video iliyotoka ilichukuliwa na Msomali mmoja kwa kamera ndogo: mwili wa askari wa Kimarekani ukiburutwa barabarani. CNN ikaurusha. Tarehe 7 Oktoba Rais Clinton akatangaza kwamba majeshi yake yataondoka kabla ya tarehe 31 Machi 1994. Mwili mmoja ulionekana, mamia ya wengine hawakuonekana, na siasa ya dola kubwa ikapinda kufuata ule mmoja.

Shika tarehe hiyo vizuri, 31 Machi 1994, maana siku sita baadaye, tarehe 6 Aprili, ndege ya Rais Juvénal Habyarimana ilidunguliwa Kigali na mauaji ya kimbari yakaanza. Tarehe 7 Aprili askari 10 wa Ubelgiji waliokuwa wakilinda amani waliuawa. Nchi za kigeni zikatuma ndege kuchukua raia wao, na kamera nyingi zilizofika zilifuata msafara huo: Wazungu wanapanda malori, wanapelekwa uwanja wa ndege. Waandishi wengine wa Afrika walikuwa Afrika Kusini wakisubiri uchaguzi wa Mandela. Na wakubwa wa dunia walikuwa bado na ndoto mbaya ya Mogadishu. Tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama lilipunguza askari wa Umoja wa Mataifa, kutoka karibu 2,500 hadi 270.

Kwa hiyo, jamani, mauaji ya siku 100, ambayo Umoja wa Mataifa unakadiria yaliua watu wapatao 800,000 na Rwanda yenyewe hutaja zaidi ya milioni 1, karibu hayana picha ya kuuawa kwenyewe. Ipo mikanda michache mno. Mmoja ulichukuliwa Aprili 1994 na Nick Hughes, Mwingereza aliyekuwa akifanyia kazi Nairobi, akiwa juu ya jengo la shule ya Kifaransa Kigali. Ng'ambo ya bonde, kwa mbali, wanawake wawili wamepiga magoti barabarani kati ya maiti, wanaomba, kisha wanauawa. Ni picha ya mbali, inayotetema. Baadaye ilifika Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, hapa hapa Arusha, kama kielelezo namba 467. Vielelezo mamia, na katikati yake dakika chache za kanda. Najiuliza: kama kamera 10 zingesimama Kigali wiki ile, Baraza la Usalama lingethubutu kupiga ile kura?

Wapi zilisimama kamera zaidi? Zilisimama kwetu, kwenye daraja la Rusumo, mpakani mwa Tanzania. Kutoka pale zilionyesha maiti zikielea katika Mto Kagera, moja baada ya nyingine, kuelekea Ziwa Victoria. Watu wa Uganda wa kandokando ya ziwa walizika maelfu. Dunia iliuona mto. Kule miili ilikotoka hakukuwa na kamera. Na kuanzia tarehe 28 Aprili watu wapatao 250,000 walivuka daraja lile kwa muda wa siku moja hivi, wakaingia Ngara, Kagera.

Kisha ikaja Goma. Katikati ya Julai 1994, wauaji waliposhindwa vita, karibu watu milioni moja walivuka kuingia Zaire kwa siku chache. Kipindupindu kikawavamia, mwezi wa kwanza walikufa takriban 50,000. Sasa kamera zilifika, tena kwa wingi, na madishi ya setilaiti. Kulikuwa na uwanja wa ndege, kulikuwa na mashirika ya misaada, kulikuwa na mahali pa kusimama. Wale watoto waliokufa kwa kuharisha walikuwa watoto kweli, na msaada uliotolewa uliokoa roho nyingi, hilo silidharau. Lakini mtazamaji wa mbali, aliyekuwa amesikia neno "Rwanda" na neno "mauaji," aliona wakimbizi wanakufa akaunganisha mwenyewe: hawa ndio waliouawa. Kumbe katika kambi zile walikuwemo askari wa serikali iliyoua na wanamgambo wa Interahamwe, tena ndio walioshika ugawaji wa chakula. Novemba 1994 tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka lilijitoa kambini kwa sababu hiyo. Mwaka 1996 vita viliwaka Zaire, na kambi zile zilikuwa moja ya sababu zake. Mpaka leo ndugu zetu wa Kivu wanalipa.

Hakuna aliyedanganya kule Goma, kwa maana ya kughushi. Kila picha ilikuwa ya kweli. Ila kamera zilichelewa miezi mitatu, zikasimama upande wa pili wa mpaka, na ukweli ule ukafanya kazi ya uongo.

Ndiyo maana mimi nikitazama habari za vita huwa na maswali matatu. Kamera imesimama wapi? Nani alimruhusu, au alimpeleka, aisimamishe pale? Na kama ingegeuka nyuma, ingeona nini? Yajaribu na vita vya miaka mingine, utaona. Chukua tarehe 9 Aprili 2003, sanamu ya Saddam ilipoangushwa katika uwanja wa Firdos, Baghdad. Kwa karibu, umati unajaza kioo, unadhani mji mzima umemiminika. Picha zilizopigwa kwa mbali zinaonyesha uwanja ulio wazi sehemu kubwa, kundi dogo, na gari la jeshi la Marekani linalovuta mnyororo. Kamera ilisimama wapi? Kando ya Hoteli Palestine, walikolala waandishi. Na siku moja kabla, kifaru cha Marekani kiliifyatulia hoteli hiyo hiyo kikaua wapiga picha wawili, Taras Protsyuk wa Reuters na José Couso wa Telecinco ya Hispania. Hao hawakuingia kwenye picha ya sanamu.

Atakuja mshikaji aniambie: "Hayo ya zamani, siku hizi kila mtu ana simu, kamera zipo kila kona." Ni kweli simu zimeongeza macho, na mauaji mengine yamejulikana kwa sababu ya simu ya mpita njia. Lakini mtandao hukatwa, video ya vita vya juzi huzushwa kuwa ya leo, na kompyuta inaweza kutunga mlipuko ambao haukutokea. Yale maswali matatu hayajazeeka, na la nne limeongezeka: je, palikuwa na kamera kweli?

Namalizia na wenzangu tunaojifunza kuandika. Kalamu ina nafasi ambayo lenzi haina: inaweza kurudi nyuma ya mpiga picha, hata baada ya miaka. Basi fanya zoezi hili. Tafuta mkanda mmoja wa vita, dakika moja tu. Uzime sauti ili mtangazaji asikufikirie. Uutazame polepole, kama alivyofanya yule profesa, kisha uandike ukurasa mmoja juu ya kile kisichoonekana: kuta, wasindikizaji, barabara ya kufikia pale, mtu aliyeshika kipaza sauti. Usibuni, tafuta, uliza, soma. Mimi nilianza na mkanda wa Mogadishu wa Julai 1993, nikaishia kutafuta Anthony Macharia alikuwa nani. Nimepata mistari michache tu: Mkenya, kijana, fundi wa sauti. Ukurasa wake bado haujajaa, na anayejua zaidi namwomba auandike.